Sindano Kabla ya Maji Kujaa

Kosa langu la kwanza Salale lilikuwa saa ya mezani. Niliinunua dukani Utete, ya bati, yenye kengele mbili juu kama masikio, nikamkabidhi Mzee Mtoteko, mkata mikoko aliyekuwa na ugonjwa wa sukari, nikamwambia kila asubuhi ikilia, apige sindano yake. Sikumuuliza chakula chake huiva lini. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimesoma kitabu kizima cha Kiingereza juu ya ugonjwa ule kwa msaada wa kamusi, neno kwa neno, na niliamini kwamba aliyesoma kitabu kizima hana tena la kuuliza. Saa ile nusura imuue.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita nilikwenda Kibiti kwenye arobaini ya Bi Tatu, mkewe Mtoteko. Khitma ilikuwa imekwisha somwa, sinia za pilau zinapita, nami nimejikunja kwenye mkeka karibu na mlango kwa sababu ya magoti yangu. Binti wa marehemu, Zuhura, ambaye nilimwacha akiwa mtoto wa mgongoni, alinitazama, akapita, akarudi. "Wewe si ndiye uliyemfundisha mama kumpiga sindano papai?" Wanawake waliokuwa nyuma yake wakacheka, kicheko cha msibani kinachobanwa na kiganja. Nikasema ndiye mimi. Akaniwekea mnofu mwingine wa nyama bila kuniuliza, kama mama yake alivyokuwa akifanya, na mimi nikauacha ukapoa mbele yangu. Watu walidhani ni majonzi ya kawaida. Kwa kweli nilikuwa nimerudi kwenye chumba kimoja chenye harufu ya dawa ya kuoshea sakafu na tope la mikoko, miaka michache kabla ya Uhuru, nikiwa kijana ninayeogopa kila kitu isipokuwa vitabu.

Zahanati ya Salale, kijiji cha deltani, ilikuwa na vyumba viwili. Kuta zilikuwa za fito na udongo, zimepakwa chokaa, na paa la makuti. Siku za bamvua, maji makuu ya mwezi, maji yalipanda mpaka ngazi ya chini, kaa wakaingia ndani na kutembea upande upande chini ya meza ya kufungia vidonda. Dresa wetu, yaani mganga wa zahanati, Bwana Kingwande, alikuwa mtu mnene, mpole, aliyejifunza kazi yake vitani Burma, na hakuna kilichomshtua. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Sikuwa nimesomea uganga popote. Nilimaliza darasa la sita, nikapewa kazi ya kufagia na kuchemsha vyombo, na mengine yote niliyapata kwa kusoma karatasi zilizokunjwa ndani ya maboksi ya dawa na kile kitabu kisicho na jalada nilichokikuta kabatini. Nilichemsha sindano za kioo mara mbili, kisha nikalala nikijiuliza kama ya pili ilitosha. Nilikunja bendeji, nikazikunjua, nikazikunja upya kingo zikutane. Bwana Kingwande alikuwa akinitazama kutoka kwenye kiti chake. "Bwana mdogo," alisema siku moja, "hiyo sindano umeichemsha mpaka tutie ndimu tunywe supu." Nilicheka naye, lakini nilikwenda kuichemsha tena.

Mtoteko aliletwa kwetu baada ya kulazwa hospitali ya Utete. Kabla ya hapo nyumbani kwake walikuwa wameona sisimizi wakijipanga kila mahali alipokojoa, naye akikonda huku anakula, akimaliza mtungi wa maji na kuomba mwingine. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ni miwa aliyoila utotoni inamrudia. Daktari wa Utete alimpa insulini, sindano, na maagizo kwamba zahanati yetu imwangalie. Bwana Kingwande aliisoma chupa, akaiweka mbele yangu. "Wewe ndiye mwenye kamusi," alisema. Sijui kama aliwahi kujua furaha aliyonipa, wala hofu.

Kwa kuwa mikono ya Mtoteko ilikuwa migumu kama nyayo, ya mtu aliyeshika shoka tangu utoto, ilionekana mkewe ndiye atakayejifunza. Bi Tatu alikuja na papai bichi ndani ya kanga. Tulikaa barazani, nikamwonyesha kuvuta dawa, kutoa hewa, kuingiza kwa mshazari. Alilichoma papai lile mara nyingi hata likaanza kutoa utomvu mweupe. "Shikamoo, papai," alisema mwishowe kwa heshima kubwa, "unajionaje?" Mtoteko, aliyekuwa amekaa pembeni akisubiri zamu yake, akajibu kwa sauti ya mgonjwa: "Nimepona, mganga, niruhusu nirudi mtini." Tulicheka sote. Chupa ya dawa tulikubaliana ikae ndani ya kitambaa, juu ya mchanga wenye maji, chini ya mtungi wa kunywea, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani mwao. Nilifurahishwa na jambo hilo kwa sababu lilikuwa limefanyika vizuri, bila doa. Nilichokipenda wakati ule ni kutokuwa na doa. Mtu mwenyewe alinijia akilini baadaye.

Kila Jumamosi Mtoteko alikuja na mkojo wake ndani ya kichupa. Niliuchanganya na dawa ya buluu, nikaupasha moto kwenye taa ya spiriti, na tukatazama rangi. Buluu ikibaki, vizuri. Kijani, si vibaya. Ikiwa nyekundu ya tofali, sukari ni nyingi. Kisha nilimuuliza, "Hujakosa sindano?" Naye alijibu, "Sijakosa hata siku moja, bwana." Nami nikasema, "Vizuri sana, Mzee," kwa sauti ya mwalimu. Aliyejibu vingine nilimhutubia. Hata wagonjwa wa vidonda waliokuja kubadilishwa bendeji walijifunza haraka, niliwasikia nje wakiambizana, "Mwambie hujaloweka mguu majini, usije ukalala na hotuba." Nilidhani ni mzaha tu. Sikutambua kwamba nilikuwa nimewafundisha watu wa Salale nzima jinsi ya kunijibu.

Asiyekaa deltani huenda hajui maisha ya kule yanavyoendeshwa na maji. Yanajaa na kupwa, na kila siku yanachelewa kidogo kuliko jana, hivyo wiki hii mnaondoka kwenda mikokoni jua limepanda, wiki ijayo mnaondoka alfajiri. Mtumbwi hauingii kijito kikavu. Maji yakijaa asubuhi mapema, wakataji wanatoka tumbo tupu, uji wao ndani ya ndoo, na wanakula wakishafika na kupwa kumeanza. Mimi mwenyewe niliyajua hayo. Niliyaona kila siku kupitia dirishani. Lakini kitabu changu kilizungumzia mkate, siagi na viazi, vitu vitatu ambavyo Salale havikuwepo, na kifungua kinywa kinacholetwa mezani wakati ule ule mwaka mzima. Saa yangu ya bati ilitokana na kitabu hicho.

Asubuhi moja ya maji ya alfajiri kengele ililia, Bi Tatu akapiga sindano, mtumbwi ukaita, Mtoteko akaondoka. Njiani kijitoni alianza kutokwa jasho na kutetemeka. Kisha akaanza kusema maneno yasiyo na mpango, akamtukana Mbonde, aliyekuwa kiongozi wa mtumbwi wao, akasimama, akaanguka topeni. Wenzake walimvuta. "Kalewa!" mmoja alisema. "Kalewa na jua halijatoka!" Bahati ilikuwa kwamba mmoja wao alikuwa na muwa, akampa autafune ili anyamaze, na baada ya muda akatulia, akaanza kuuliza kwa nini nguo zake zina tope. Walimrudisha. Kabla ya adhuhuri kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba Mtoteko, mtu wa safu ya mbele msikitini, amekunywa pombe hadi akaanguka.

Sikuambiwa. Jumamosi alikuja kama kawaida, amekonda, midomo imekauka, akakaa. "Hujakosa sindano?" "Sijakosa hata siku moja, bwana." Nilipasha kichupa moto, na rangi ikapanda kutoka kijani hadi manjano hadi tofali, mbele ya macho yetu wawili. Nilijisikia nimetukanwa. Nilisema, na nayaandika kama yalivyotoka, "Mzee, mkojo wako ni mkweli kuliko wewe." Aliinuka polepole, akachukua kofia yake, akasema, "Haya, bwana," akatoka. Bwana Kingwande, ambaye kwa kawaida angetania, hakutania. "Vitani," alisema, "nilijifunza kwamba mgonjwa akitoka mlangoni kwa hasira, dawa imetoka naye. Umemfukuza. Kesho nenda ukamtafute."

Nilikwenda. Nilimkuta amelala kwenye kitanda cha kamba, kata ya maji kando yake, pumzi yake ina harufu ya tunda lililooza, harufu ambayo kitabu changu kilisema mtu akishaisikia asichezee muda. Nilisema "Shikamoo" nikaitikiwa na macho tu. Bi Tatu alinikaribisha kwa adabu isiyo na joto, akaniwekea bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa kamba bandani, akaingia jikoni, ambako kulitenganishwa nami kwa ukuta wa makuti tu. Huko alikuwamo wifi yake, Bi Asha, dada wa Mtoteko, mwanamke mwenye sauti ambayo haikujua kunong'ona.

"Huyu tena kaletwa na nani?"

"Kajileta. Mpe kamba zaidi, mbavu zake kama za mtumbwi."

"Miye ningempa maji ya mwosho. Kamlevya kaka yangu. Kaka yangu hajapata kuonja hata tembo la mnazi!"

"Wasemao waseme. Tangu aanguke sindano kaikataa, lakini pombe siyo. Kaondoka tumbo tupu, uji wake umo ndani ya ndoo, kifuniko hakijafunguliwa. Mlevi gani huyo, kalewa uji asioula?"

Tonge la bada lilibaki mkononi mwangu. Tumbo tupu. Kile kitabu kilikuwa na ukurasa wa hilo hasa: mgonjwa aliyepiga sindano akachelewa kula atatokwa jasho, atatetemeka, atazungumza ovyo, na asiyemjua atadhani amelewa, apewe kitu kitamu upesi. Nilikuwa nimeusoma ukurasa huo. Nilikuwa nimeupigia mstari. Sikuwaambia, kwa makusudi, kwa sababu niliona wakijua kwamba dawa nayo inaweza kudhuru, wataikataa, na mgonjwa wangu wa kwanza atakuwa na doa. Mpaka leo, nikiwa mzee, hapo ndipo ninapojiona vibaya zaidi kuliko mahali pengine popote. Kutojua kuna udhuru. Mimi nilijua nikaficha.

Nilinawa, nikaenda kusimama mlangoni mwa jikoni, jambo ambalo mwanamume mgeni hafanyi. Niliwaeleza yote. Bi Asha alianza kusema, Bi Tatu akamzuia kwa mkono wenye unga.

"Ulijua?"

"Nilijua, Bi Tatu."

"Na sindano nikaipiga miye. Kwa mkono wangu huu."

 Moshi wa kuni mbichi ulikuwa ukituchoma macho wote watatu, na nilishukuru, kwa sababu nilikuwa nalia. Alipangusa unga mkononi. "Kamalize chakula, kinapoa," alisema mwishowe. "Halafu utaniambia kila unachojua. Cha kutisha ndicho uanze nacho."

Nilianza nacho. Nilikaa kwenye kibao cha mbuzi, tena bila nazi, nikawaeleza njaa ya dawa ilivyo, na pia kiu na kukonda na harufu ile ya pumzi, yaani kifo cha upande wa pili, cha mtu asiyepiga. Bi Tatu aliuliza maswali, na baadhi sikuyajua, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nilisema "sijui" nikaona mtu haondoki. Mwishowe tuliafikiana hivi: sindano ataishika yeye, na haitapigwa mpaka chakula kiwe kimeteremshwa mekoni na kuwekwa mbele ya mgonjwa, maji yajae saa yatakayojaa. Na Mtoteko asitoke bila kipande cha muwa au tende kiunoni. Sindano ya siku ile aliipiga pale pale, sinia likiwa mbele ya mumewe. Siku iliyofuata nilipanda mtumbwi kwenda Utete kumuuliza daktari, njia nzima nikiwaza nitafukuzwa kwa kubadilisha maagizo. Alinisikiliza, akapunguza kipimo kidogo, akasema chakula na sindano visiachane, mengine yaende kama watu wanavyoishi. Hakunifukuza. Alionekana ana haraka ya kwenda kumwona mtu mwingine.

Lakini Mtoteko mwenyewe, alipopata nguvu ya kukaa, hakuzungumzia sindano. "Mwanangu," alisema, na hakuwa amewahi kuniita hivyo, "sindano mke wangu atapiga nyumbani. Mikokoni nitarudi na nani? Naswali karibu na viatu siku hizi. Nikitetemeka tena mbele ya wale, nitaacha dawa nife na jina langu." Nilielewa kwamba nimewafundisha watu wawili tu, na mgonjwa huyu anaishi na kumi.

Hivyo nilikwenda bandarini, kwenye malundo ya boriti, wakataji wakisubiri maji. Ni vigumu kueleza jinsi nilivyoogopa. Nilikuwa nimejiandalia maneno usiku kucha, nami nikayasahau yote nilipomwona Mbonde, mtu wa mabega mapana, ananitazama huku anatafuna kijiti. Nikaweka taa ya spiriti juu ya boriti. Nikapasha mkojo wangu na dawa ile, ukabaki buluu. Nikapasha wa Mtoteko, ambaye aliniruhusu, wa asubuhi ile, ukawa manjano. Wakasogea kutazama.

"Kumbe wa Mtoteko unafaa kwa chai," mmoja akasema.

"Na wa bwana huyu kwa kufulia nguo," mwingine akamjibu, na wote wakaangua kicheko, hata Mtoteko.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi. Nikawaeleza jasho, kutetemeka, maneno ovyo. Nikawaambia pombe haimo, ni damu iliyoishiwa chakula, na kwamba aliyempa muwa siku ile alimwokoa. Nikawaambia na yangu pia, kwamba niliyajua nikayanyamazia. Mbonde alitoa kijiti mdomoni.

"Kwa hiyo siku ile hukulewa, Mtoteko."

"Sikulewa."

"Na matusi yale uliyonipa?"

"Siyakumbuki, ndugu yangu. Niwie radhi."

"Mimi nayakumbuka. Nimeyatafutia mahali pa kuyatumia tangu siku ile, sijapata adui mkubwa wa kutosha." Akamkabidhi upande wa jiwe la kunolea, wakaanza kunoa mashoka pamoja.

Mtihani wenyewe ulikuja maji yaliporudi kujaa alfajiri. Nilikwenda kwao mapema, kwa wasiwasi, sikuitwa. Kuni zilikuwa mbichi, zinatoa moshi badala ya moto, na uji ulikuwa bado maji matupu. Bi Tatu alipuliza mpaka mashavu yakamwiva. Sindano ilikuwa kwenye kisahani, imefunikwa, karibu na goti lake. Chini, kwenye kijito, maji yalikuwa yamefika kwenye mizizi ya mikoko na mtumbwi ulikuwa umeshaelea. Mtoteko alikuwa amesimama mlangoni, shoka begani. "Wataniacha," alisema. "Nipige basi niende, nitakula huko." Bi Tatu aliendelea kupuliza. "Au usinipige leo. Leo tu."  Nilijua kwamba akiondoka hivyo, kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, kesho itakuwa vivyo hivyo, na keshokutwa, na hatutakuwa naye mwaka ukiisha. Nilijua pia kwamba sina neno lililobaki la kumfundisha.

Kutoka kijitoni sauti ya Mbonde ikapanda. "Mtoteko! Umekula?"

"Uji haujaiva! Nendeni!"

Nikasikia pondo la kusukumia mtumbwi likizamishwa topeni, na kamba ikifungwa. "Bi Tatu!" Mbonde akaita tena. "Koroga, mama! Hatuendi na mtu mwenye njaa, huyu ana matusi!" Wengine wakadakia. Mmoja alikuja juu na kifungu cha kuni kavu kutoka kwao, akakitupa mlangoni, akarudi mbio.

Uji uliiva. Bi Tatu aliuteremsha, akauweka mbele ya mumewe, akafunua kisahani, akapiga. Mtoteko alikunywa akipuliza, akiunguza ulimi, kisha akaweka bakuli chini nusu na kushika shoka. Wale wa mtumbwini walikuwa wanamwona kupitia mwanya wa mikoko. "Maliza!" wakapiga kelele kwa pamoja. Akaketi tena, akamaliza. Waliondoka maji yakiwa yameanza kusita, na jioni nilisikia kwamba waliburuta mtumbwi topeni sehemu ya mwisho, wakimlaumu njia nzima, naye akivuta pamoja nao.

Aliuona Uhuru na miaka mingi baada yake. Mimi nilihamishwa, nikasomea kazi rasmi, nikaifanya mpaka nikastaafu, na nimewafundisha watu wengi wenye kisukari kumeza vidonge na kupiga sindano ambazo siku hizi hata hazichemshwi. Wasiwasi wangu haukupona. Bado nakunja kitambaa mpaka kingo zikutane. Lililobadilika ni hili: mtu akiniambia hajakosa dawa hata siku moja, simsifu tena. Namwambia kwanza yale ya kutisha, na yale nisiyoyajua, kisha nanyamaza mpaka aniambie ya kwake.